Makala yangu imerudishwa mara mbili kabla hata haijasomwa

BARUA

Shikamoo Bi Mhariri,

Safu yako nimeanza kuisoma nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Sikudhani na mimi siku moja nitakuandikia, ila nimefika mahali nimechoka.

Nimesoma uzamili wa sosholojia. Tasnifu niliitetea mwaka jana, marekebisho nikayamaliza, na msimamizi wangu akanishauri nichomoe sura ya nne niifanye makala ya jarida. Utafiti wenyewe ni wa akina mama wanaouza dagaa mwaloni pale Kirumba, hapa Mwanza, na vikoba vyao: nani anamdhamini nani, na mtu akishindwa kurejesha inakuwaje. Nilizungumza na akina mama 38. Miezi minne nilikuwa naamka saa kumi alfajiri ili niwahi mzigo ukishushwa. Kwa hiyo nilichoandika nakijua.

Makala niliituma kwenye jarida moja la nje mwezi wa pili. Siku mbili tu, jibu hili hapa: haikufuata mwongozo wa waandishi, irekebishwe ndipo ipelekwe kwa wapitiaji, yaani wataalamu wanaoisoma bila kujua mwandishi ni nani. Wao wanataka APA toleo la 7, ule mtindo wa kupanga makala na marejeleo. Mimi tasnifu niliiandika kwa mwongozo wa chuo, ambao una mambo yake. Nikaenda steshenari moja jirani na chuo, kuna kijana pale kila mtu anamsifia kwa kufomati. Shilingi 40,000. Kusema kweli kazi ilirudi inapendeza: jalada, vichwa vya bluu, ukurasa wa yaliyomo wenye vinukta mpaka mwisho wa mstari. Nikatuma. Siku ya tatu ikarudi tena.

Safari hii waliorodhesha makosa. Marejeleo hayafanani, vitabu vingine vina "Dar es Salaam" mbele ya mchapishaji na vingine havina. Majedwali hayakufuata mtindo. Jina langu limo kwenye faili wakati halitakiwi kuwemo. Nilipopitia mwenyewe nikakuta Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeandikwa "Takwimu, O. y." Nilicheka, halafu nikalia. Hata jina langu silielewi tena: kwenye tasnifu niko kwa jina la babu, kwenye makala niliyoandika na msimamizi niko kwa jina la baba, na kijana kaniweka kwa jina langu la kwanza. Sehemu pekee niliyoona imekaa sawa ni ya mahojiano. Aliniambia kila aliyenukuliwa lazima awemo kwenye marejeleo, kwa hiyo nilimpa orodha yangu akawaingiza akina mama wote, jina, mwaka na mahali.

Naomba kuuliza. Ni haki kweli kazi ya mtu kurudishwa kwa ajili ya nukta na mkato kabla haijasomwa? Nimlipe mtu mwingine? Kuna mmoja anafanya kwa laki moja na nusu. Au niachane nao niwape hawa wengine walioniandikia barua pepe wakaniita Profesa, wanaosema ukilipa dola 150 makala inatoka ndani ya wiki?

Mume wangu kaniuliza hiyo makala itatuingizia shilingi ngapi. Sikuwa na jibu.

S.M.K., Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Kabla sijagusa swali lako hata moja, fungua faili, nenda kwenye marejeleo, futa majina ya akina mama. Yote 38. Ukimaliza ndiyo urudi uendelee kusoma.

Umefuta? Haya. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikwama pale unaposema sehemu ya mahojiano ndiyo pekee iliyokaa sawa. Ndiyo pekee iliyokaa vibaya kiasi cha kunikosesha usingizi. Hayo mengine ni vumbi, unapangusa. Umeandika juu ya watu wanaoshindwa kurejesha mkopo. Bila hata kuiona makala najua yaliyomo: kuna mama aliyekopa mumewe asijue, kuna aliyebebewa friji mchana kweupe, kuna mweka hazina anayesemwa. Sasa weka jina lake, mwaka, na "mwaloni, Kirumba". Soko linalojuana kwa majina ya watoto, unadhani itachukua siku ngapi mtoto wa mmoja wao kuisoma makala hiyo kwenye simu? Na kwenye fomu ya ridhaa uliyowasomea kabla ya kuwasha kinasa sauti, naamini kulikuwa na mstari unaosema majina yao hayatatajwa. Huo mstari ndio uliowafungua midomo.

Kijana wa steshenari simlaumu. Alichokwambia ni kanuni ya kweli iliyotumika pasipo pake. Marejeleo yapo ili msomaji akitaka aende mwenyewe akakisome chanzo. Kitabu ataazima, ripoti ataipakua. Mama wa dagaa uliyeongea naye chini ya turubai, atampata wapi? Kwa hiyo APA inasema wazi: watu uliowahoji kama washiriki wa utafiti wako hawaingii kwenye marejeleo. Maneno yao ni data yako, si chanzo. Unawatambulisha ndani ya maandishi, kwa jina la kubuni na sifa chache zinazohitajika, kwa mfano muuzaji wa miaka 46 mwenye hisa kwenye vikoba viwili, na basi.

Hilo jina la kubuni nalo lina mtego. Vijana wengi mnakimbilia "Mama Neema", "Mama Junior", mkidhani mmeficha. Kwetu huku "Mama Fulani" si jina la kuficha, ndilo jina lenyewe. Utamwita mshiriki wako Mama Neema, kumbe Mama Neema halisi anauza meza ya tatu kutoka hapo na hukumhoji kabisa, halafu maneno ya mwenzake yanamwangukia yeye. Tumia jina moja la kawaida lisilo na "Mama", au herufi na namba. Ukishachagua, angalia kama hakuna mwenye jina hilo kwenye vikundi ulivyovitembelea.

Kuna aina mbili jirani na hiyo ambazo watu huzichanganya. Tuseme ulimpigia simu afisa uvuvi kuuliza utaratibu wa ushuru, akakujibu kama mtaalamu, si kama mshiriki. Hayo ni mawasiliano binafsi: unamtaja ndani ya mabano kwenye sentensi pamoja na tarehe kamili, siku, mwezi na mwaka, kwenye orodha haingii. Ila kama afisa huyohuyo alihojiwa redioni na kipindi kiko mtandaoni, hapo anaingia kwenye orodha, maana msomaji anaweza kukisikiliza. Kila ukibabaika jiulize hilo tu: msomaji anaweza kukifikia?

Ukimaliza, mambo matatu leo leo. Mwandikie mhariri wa jarida, mistari minne inatosha, kwamba mafaili yaliyotumwa yana taarifa za washiriki zilizoingia kwa makosa, unaomba yafutwe kwenye mfumo wao. Usione aibu, mhariri mwenye akili atakuheshimu zaidi. Rudi steshenari, mwombe kijana afute nakala kwenye kompyuta mbele ya macho yako, na kwenye flashi, na kwenye WhatsApp kama ndiko ulikomtumia. Kisha mwambie msimamizi wako, maana kibali cha utafiti kina jina lake pia. Baada ya hapo vuta pumzi.

Sasa swali lako. Ni haki? Nusu kwa nusu.

Nimehariri jarida la sayansi ya jamii kwa miaka mingi na nitakwambia kinachotokea upande ule. Makala ikiingia, wa kwanza kuifungua si mtaalamu wa vikoba. Ni msaidizi wa ofisi mwenye karatasi ya maswali kumi: idadi ya maneno, ikisiri, jina la mwandishi limeondolewa, marejeleo yanafuata mtindo. Ikikosa, inarudi. Wapitiaji wanasoma bure, usiku, baada ya kusahihisha mitihani, na ukiwapa makala ambayo nukuu ya ukurasa wa tano haipo kwenye orodha ya mwisho, wanaacha. Hiyo ndiyo nusu ya haki. Nusu nyingine naikiri: nimewahi kuirudisha makala kwa sababu ya majedwali, mwandishi hakutuma tena. Baadaye nikaiona kwenye jarida jingine, nzuri kuliko zote tulizochapa mwaka ule. Kwa hiyo ukikasirika sikukatazi.

Ila mitindo hii haikuzaliwa kwa ajili ya kumtesa mtu wa Mwanza. Mwongozo wa kwanza wa APA, yaani chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ulitoka mwaka 1929 ukiwa na kurasa saba. Saba! Mwaka mmoja nyuma wahariri wa majarida ya saikolojia na anthropolojia walikuwa wamekaa pamoja kutafuta namna makala zinazotumwa zifanane kidogo. Leo toleo la 7, lililotoka Oktoba 2019, lina kurasa zaidi ya 400, na hapo naungana nawe kulalamika. Huo mtindo wa jina na mwaka ndani ya mabano ni mkubwa zaidi kwa umri. Wanaochimba asili yake humtaja mtaalamu wa wanyama wa Harvard aliyeutumia mwaka 1881 kwenye makala ya konokono asiye na gamba. Ndiyo, konokono.

Kwa nini mwaka ukae pale pale kwenye sentensi? Angalia mada yako mwenyewe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya mwaka 2018, nayo ndiyo iliyoviingiza vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa kwenye utaratibu wa kusajiliwa. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 2021. Sasa mwandishi wa 2015 akisema kikoba ni mpango usio rasmi, na wa 2022 akisema kikoba kinatuma michango kwa simu, hawazungumzii dunia moja. Msomaji akiona mwaka hapohapo anajua. Ukiuficha kwenye tanbihi, au ukaukosea, umemdanganya bila kukusudia.

Tuje kwenye "Takwimu, O. y." Hapa nilicheka na mimi, samahani. Nimeshakutana na "Elimu, W. y." na "Tanzania, B. K. y." Kilichotokea ni hiki. Kijana alitumia sehemu ya marejeleo iliyomo ndani ya Word yenyewe. Kwenye kisanduku cha mwandishi akaandika "Ofisi ya Taifa ya Takwimu". Mashine haijui Kiswahili, inachojua ni kwamba neno la mwisho ni jina la ukoo na yaliyotangulia yanafupishwa. Ikamzaa bwana Takwimu. Chini ya kisanduku kile kuna kiboksi cha kuonyesha kwamba mwandishi ni taasisi. Ukikiweka tiki, jina linabaki zima. Ukitumia Zotero, programu ya kutunza marejeleo, ambayo ni ya bure na ndiyo ningekushauri, pembeni ya jina kuna kitufe kidogo kinachounganisha visanduku viwili kuwa kimoja. Bonyeza, andika jina zima la ofisi, umemaliza.

Nadhani hilohilo ndilo lililoleta "Dar es Salaam" inayotokea na kupotea. Word nyingi zilizoko steshenari zina APA toleo la 6, na toleo la 6 lilitaka mji wa mchapishaji. Toleo la 7 limeuondoa. Kwa hiyo vitabu alivyoingiza kijana vina mji, na ulivyoandika wewe kwa mkono huku unasoma mwongozo havina. Futa miji yote. Na pale walipo waandishi watatu au zaidi, ndani ya maandishi toleo la 7 linataka wa kwanza tu na "et al." tangu unapowataja mara ya kwanza, ukiandika Kiswahili, "na wenzake". Majina ya vitabu na makala kwenye orodha hayaandikwi kwa herufi kubwa kila neno: herufi kubwa mwanzo, baada ya nukta pacha, na kwenye majina ya pekee. Kitabu cha Kiswahili ndani ya makala ya Kiingereza unakiacha kwa jina lake la Kiswahili, kisha tafsiri kwenye mabano ya mraba. Usikibatize jina la Kiingereza tu, hakuna atakayekipata maktaba.

Majina ya watu ndiyo mahali ambapo mwongozo uliandikwa bila kutufikiria. Wao wanadhani kila binadamu ana jina lake na jina la ukoo. Wewe una jina lako, la baba na la babu, na hakuna hata moja la ukoo. Wala si wewe peke yako. Mwalimu Nyerere kila mahali ni "Nyerere, J. K.", lakini Nyerere ni jina la baba yake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Dunia nzima inamtafuta kwa jina la baba na anapatikana. Mazrui, la yule msomi Ali Mazrui, ni jina la ukoo kwelikweli, halina tatizo. Kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, "wa" maana yake ni ileile tunayoijua, na maktaba kubwa humweka kwenye N, kwa Ngũgĩ. Hata hivyo utakuta orodha nyingi zimemweka chini ya Thiong'o. Kwa waandishi wengine kanuni yangu ni kuangalia wao wenyewe wanavyojiandika kwenye kazi zao, si kuwaamulia. Na ukiamua mtu akae wapi, akae hapohapo makala nzima. Kilichomkera msaidizi wa jarida, nakuhakikishia, ni mtu mmoja kutokea kwa majina mawili.

Kwa jina lako wewe, chagua moja, la baba au la babu, na usilibadilishe tena mpaka uzeeke. Kisha jisajili ORCID. Ni bure, unapewa namba ya tarakimu 16 inayokufuata wewe hata majina yakigeuka, ukiolewa, ukiachika, au kijana wa steshenari akikuwekea la kwanza. Tasnifu na ile makala ya kwanza zote utaziunganisha na namba hiyo.

Mwonekano wa ukurasa hauna mengi. Makala ya jarida haina jalada, haina vichwa vya bluu, haina ukurasa wa yaliyomo. Hivyo ni vya tasnifu. Vile vinukta vilivyokupendeza naogopa vilipigwa kimoja kimoja, na nafasi vilevile: bonyeza alama ya ¶ juu kwenye Word, utaona nukta za nafasi zimepangana kama siafu. Hati iliyopangwa kwa kubonyeza nafasi inasimama kwenye kompyuta moja tu. Ikifunguliwa nyingine inamwagika. Vichwa vipe mitindo ya Word yenyewe, Heading 1, Heading 2, aya ipe ujongezo kwenye rula. Fonti, Times New Roman ya 12 haijawahi kumgombanisha mtu. Pambizo sentimita 2.54 pande zote, nafasi mbili kati ya mistari, pamoja na kwenye marejeleo. Angalia na ukubwa wa karatasi: hati zinazotokana na violezo vya Kimarekani huja na Letter, ambayo ni pana kidogo na fupi kuliko A4 yetu, na hiyo peke yake inahamisha kurasa zote. Jina lako na shukrani kwa msimamizi viende kwenye faili la ukurasa wa mbele, peke yake. Na Word ina sehemu ya kukagua waraka inayofuta jina la mwandishi lililojificha ndani ya faili. Itumie.

Majedwali: namba juu kwa herufi nzito, mstari unaofuata jina la jedwali kwa herufi za mlazo, mistari ya wima hakuna kabisa, maelezo chini. Hilo la mtindo. La akili ni jingine. Wanawake ni 38, na nina hakika mahali fulani umeandika asilimia 57.89. Nimepiga hesabu: hao ni wanawake 22. Andika 22 kati ya 38. Desimali mbili kwa watu 38 ni kuvaa suti kwenda kisimani, na mpitiaji mkorofi atakuuliza huyo 0.89 alikaa upande gani wa meza.

Nukuu ndizo zenye utamu, nikae hapo kidogo. APA inasema nukuu ya maneno 40 au zaidi inatoka ndani ya aya, inajongezwa sentimita 1.27 kutoka kushoto, bila alama za kunukuu. Sawa. Lakini akina mama wako walisema Kiswahili, na nadhani na Kisukuma kidogo, na makala ni ya Kiingereza. Wengi mnaweka tafsiri peke yake. Mimi ningeomba ubakize maneno ya asili, nukuu kwanza kama ilivyosemwa na tafsiri chini yake, na mahali pamoja kwenye sehemu ya mbinu useme tafsiri ni zako. Tuseme mama amekwambia "nimewekwa dhamana". Ukitafsiri harakaharaka, msomaji wa nje atadhani yuko mahakamani, kumbe maana yake wanakikundi wamemfanya yeye ndiye mdhamini wa mkopo wa mwenzake. Sosholojia yako imo kwenye neno hilo. Najua majarida yanahesabu maneno, na kuweka lugha mbili kunakula nafasi. Basi fanya hivyo kwa nukuu tano au sita zinazobeba hoja, nyingine zifupishe ndani ya sentensi zako. Na usimsahihishie mama sarufi yake ili apendeze.

Je, umlipe wa laki moja na nusu? Pambizo na vichwa, mlipe ukitaka, ingawa ni kazi ya nusu siku. Marejeleo, hapana. Vitabu umesoma wewe. Mtu asiyevisoma hawezi kujua kwamba sura uliyoinukuu imeandikwa na mtu mwingine, siyo mhariri wa kitabu, wala kwamba ripoti ile ina mwaka mmoja kwenye jalada na mwingine ndani. Fanya hivi: pakua makala moja ya toleo la karibuni la jarida hilohilo, ichape, iweke pembeni ya kompyuta. Mwongozo ukikuchanganya, igeze ile makala. Kisha chukua kalamu, pitia yako, kila jina kwenye mabano ulitie tiki kwenye orodha. Jina lisilo na tiki kwenye orodha linatoka, lililo kwenye mabano na halipo kwenye orodha linaongezwa. Jumamosi moja, na chai.

Hao wanaokuita Profesa wapotezee. Jarida linaloahidi kuchapa ndani ya wiki halina anayesoma. Si kila jarida linalotoza ada ni la kitapeli, ila kabla ya kutoa senti angalia kama limo kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, na kama wahariri waliotajwa ni watu halisi walio kwenye vyuo vilivyotajwa. Na kumbuka makala ikishachapwa kule huwezi kuipeleka kwingine. Miezi minne ya saa kumi alfajiri itakuwa imeishia hapo.

Mumeo mwambie ukweli, hailipi hata shilingi.

Barua yako umeisaini S.M.K. Wewe ni S, hilo halina ubishi. Ukishaamua kati ya M na K, niandikie nijue nitakutafutaje makala ikitoka.

Bi Mhariri